Picha ya Thelathini na Sita

Ukifungua albamu ya harusi katika nyumba nyingi za mtaa ule, utaanza na bibi harusi akivishwa shela, utafika kwenye keki, utawaona wajomba wamejipanga na suti za kuazima. Kisha, ukurasa wa mwisho kabisa, utakutana na mwanamke ambaye hakualikwa. Mara ameshika ndoo. Mara ana pini nne mdomoni na utepe wa kupimia unaning'inia shingoni. Mara amegeuza shingo nusu, anamkata jicho mtu aliyemwita. Katika picha zote amenuna, tena kununa kwa mtu aliyeachishwa kazi yake katikati.

Huyo ni mke wa mpiga picha, na wala hakuwa na hamu ya kwenda kwenye harusi ya mtu.

Kosa lilikuwa la mumewe. Filamu ilikuwa na picha thelathini na sita, na huwezi kuisafisha mpaka ifike mwisho, au utaitupa bure sehemu iliyobaki. Sasa mpiga picha huyu alikuwa na ugonjwa wake: hakuweza kupata usingizi filamu ikiwa ndani ya kamera haijaisha. Akitoka harusini na picha thelathini na tano, alikuja moja kwa moja studio, akalifunua pazia lililotenganisha studio na chumba cha cherehani, akasema maneno yale yale.

"Fundi, njoo nimalize filamu."

Fundi ndilo jina alilomwita mkewe, kwa sababu ni fundi kweli, mshonaji wa nguo ambaye hata waliomsema vibaya walimpelekea vitambaa vyao. Na hebu yaangalie maneno hayo. Si njoo nikupige picha. Si leo umependeza. Njoo nimalize filamu, kama mtu anayeitwa kukomba sufuria. Fundi aliacha pindo nusu, akasimama mlangoni na ghadhabu zake, kamera ikalia kacha, basi. Filamu ikapelekwa kwenye maabara ya picha za rangi, na vijana wa kule hawakuwa watu wa kuuliza maswali. Walichapisha zote. Na mteja akishapewa picha, atafanyaje? Alizibandika zote.

Ndiyo maana Fundi alisimamishwa sokoni na watu asiowajua. "Mama, mimi nakufahamu sana! Wewe upo nyumbani kwetu, baada ya keki."

Miaka thelathini na moja alilalamika. Alisema yeye si mkia wa filamu. Alisema kuna siku ataichukua kamera hiyo aitumbukize kwenye pipa la maji. Mumewe alimsikiliza kwa adabu, na filamu iliyofuata akamwita tena.

Wateja walimbatiza mume Bwana Moja, na jina lilimkaa. Kabla ya kukupiga picha alikuzunguka kwanza, akakunyoosha kola, akakuinua kidevu kwa ncha ya kidole, akarudi nyuma ya kamera na kusubiri. Alisubiri mpaka ukasahau kwamba umekuja kupigwa picha. Hapo ndipo alipobonyeza. Mara moja. Ukimwomba arudie, alikutazama kana kwamba umemwomba figo. Juu ya kiti cha wateja, ukutani, alikuwa ameandika kwa rangi nyeusi na mkono wake mwenyewe: PICHA MOJA INATOSHA. Kwa mambo mengine alikuwa mkarimu, lakini kwa filamu mkono wake ulikuwa wa birika.

Kisha binti yao, aliyekuwa akifanya kazi mbali, akaja likizo na boksi.

"Baba, hii ni dijitali. Haina filamu. Unapiga, unaona hapo hapo."

Bwana Moja aliigeuza kamera mpya huku na huku, akatafuta pa kuifungulia, hakupaona. Wiki za mwanzo zilikuwa za kuchekesha, na nyuma ya pazia Fundi alicheka mpaka akaharibu mishono. Dole gumba la mumewe halikukubali mabadiliko. Kila akibonyeza, lenyewe lilikwenda kutafuta kile kidole cha chuma cha kuvutia filamu, likakosa, likabaki linapapasa hewa. Na alikuwa anahesabu! Akifika thelathini na tano alisimama, akamwomba mteja radhi, akaenda pembeni, akaichomoa kadi, akaipuliza, akairudisha pale pale ilipokuwa.

"Baba," binti alisema, "hiyo inaingiza picha elfu nne."

"Elfu nne za nini? Mtu ana uso mmoja."

Siku moja katika wiki hizo alilifunua pazia, akasimama, akakohoa.

"Unataka nini?" Fundi aliuliza bila kuinua macho.

"Hapana. Nilidhani una mgeni."

Akaliachia pazia, akarudi zake. Fundi hakulitia maanani.

Binti aliporudi kazini, Bwana Moja akagundua kitufe cha kufuta. Tusimlaumu sana. Mtu aliyekaa na kiu miaka yote hiyo, siku akionyeshwa bomba hawezi kunywa glasi moja. Alianza kwa picha mbili mbili, zikawa kumi kumi, mwisho ikawa anayekuja kupiga picha ya kitambulisho anatoka pale na picha sitini za uso wake na shingo inauma. Hakumzunguka mtu tena, hakunyoosha kola ya mtu. Alipiga, akainamisha kichwa kuangalia kioo cha nyuma, akainua, akapiga, akainamisha, kama kuku anayekunywa maji. Katika harusi moja aliinama kuihakiki picha ya pete, na wakati ameinama mama wa bibi harusi alimkumbatia mkwewe, ambaye yeye mama aliapa hatamkubali maishani. Ukumbi mzima ulilia. Bwana Moja aliinua kichwa akakuta watu wanajipangusa machozi, akapiga picha mia mbili za watu wanaojipangusa.

Yale maneno ya ukutani aliyapaka rangi nyeupe. Kila alasiri alikaa mbele ya kompyuta akiita, "Fundi, hii na hii, ipi nzuri?"

"Keki ni ile ile."

"Tazama vizuri. Hii ina kivuli."

"Basi chagua yenye kivuli, uniache nishone."

Wakaishi hivyo karibu mwaka mzima, mpaka jino likaleta habari.

Lilikuwa jino la Fundi, la mbele, la juu, na lilianza kucheza. Daktari wa meno alilitikisa kwa kidole, akatikisa na kichwa chake. "Hili tuling'oe Ijumaa, mama. Tukichelewa litatuvuta na la jirani."

Kwa mtu mwingine jino ni jino. Lakini Fundi alikuwa na mwanya, mwanya mzuri wa katikati, na jino hilo ndilo lililokuwa ukuta wake mmoja. Mwanya ukiondolewa ukuta unakuwa pengo, na hakuna aliyewahi kusifiwa kwa pengo. Mwanya ndio uliomleta Bwana Moja katika maisha yake. Alikuwa kijana, anapiga picha za vitambulisho, na Fundi alikuwa binti kwenye foleni. Zamu yake ilipofika kijana alimwambia, "Cheka kidogo." Akacheka. Kijana akabaki ameduwaa, dole gumba juu ya kamera, akasahau kubonyeza. Alipozinduka binti alikuwa amefumba mdomo, na picha iliyotoka ni ya mtu mwenye wasiwasi.

Jioni alipotoka kwa daktari, Fundi alilitoa chini ya kitanda boksi la picha zake zote, zile za mwisho wa filamu. Alizipanga sakafuni, akazipitia moja moja. Mamia kwa mamia. Hapa midomo imebanwa. Hapa pini. Hapa mdomo uko wazi lakini unasema, "Harakisha bwana!" na ulimi umefunika kila kitu. Mwanya haukuonekana hata katika picha moja. Miaka thelathini na moja ameolewa na mpiga picha, na ukimuuliza mjukuu wa kesho bibi yake alicheka vipi, hatakuwa na pa kutazama.

Hapo ndipo jambo la pili lilipomchoma. Tangu dijitali ije, hajaitwa. Elfu na maelfu ya picha, keki kutoka pande zote nne, na yeye hata moja. Filamu ilipokwisha na yeye alikwisha nayo. Akajishangaa kwamba jambo hilo linamuuma, kwa sababu si yeye aliyekuwa akitishia pipa la maji?

Alitaka picha moja tu, anacheka, kabla ya Ijumaa. Lakini kuomba! Aende kwa mwanamume ambaye yeye mwenyewe alimfokea miaka yote hiyo, amwambie nipige picha? Asilani. Mumewe aone mwenyewe.

Jumatatu Fundi alivaa gauni jipya, akasuka nywele, akapita katikati ya studio polepole.

"Fundi," alisema mumewe, jicho kwenye kamera, "sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Jumanne alimletea chai ambayo hakuiagiza, akasimama mbele yake, akatabasamu kwa meno yote.

Bwana Moja alimtazama kwa wasiwasi. "Linakuuma sana?"

Jumatano aliamua kusema kwa mafumbo. "Hivi hiyo kamera yako inapiga na watu wa nyumbani, au wateja tu?"

Masikio ya Bwana Moja yalibadilika rangi. Aliichukua kamera, akaiinua nusu, akaishusha. "Inapiga chochote," akasema, na kama mtu aliyetafuta pa kujificha, akakielekea kikombe cha chai na kukipiga picha kumi na mbili. Fundi aliondoka na kikombe kabla chai haijaisha.

Alhamisi mchana alikwenda kutafuta kitambaa cha bitana. Vitambaa vyake siku hizi vilikaa katika kile chumba cha giza, kichumba kisicho na dirisha ambamo mumewe alikuwa akisafishia picha za nyeusi na nyeupe. Dijitali ilipokuja chumba kilikosa kazi, naye akakiteka. Akiwa anavuta jora la nyuma kabisa, mkono wake uligusa kitu kigumu. Ilikuwa kamera ya zamani, imefungwa vizuri ndani ya kipande cha flana.

Aliipeleka mlangoni penye mwanga. Juu yake palikuwa na kidirisha kidogo cha namba. Fundi hakujua mengi ya kamera, ila kidirisha kile alikijua kama anavyojua namba za utepe wake. Kilisoma thelathini na tano.

Alisimama pale na jora la bitana chini ya kwapa. Mwanamume asiyepata usingizi filamu ikiwa haijaisha, amelala karibu mwaka mzima na hii ndani.

Studio kulikuwa na mama mmoja na mtoto wake mchanga, ambaye alikuwa akipigwa picha ya tisini na nne na ameanza kusinzia. Fundi aliingia bila kubisha, akaiweka kamera mezani, juu ya karatasi za mumewe.

"Maliza filamu," akasema.

Bwana Moja aliitazama kamera, akamtazama mkewe, akamtazama mama wa mtoto kama anayeomba msaada. Mama wa mtoto naye akajifanya anafunga kifungo cha mwanawe.

"Kwa nini hukuniita?" Fundi aliuliza.

"Ningekuita nikwambie nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Njoo nimalize nini? Hii mpya haiishi. Nilikuja hata pale kwenye pazia, nikasimama. Maneno yakanipotea."

"Ungesema njoo nikupige picha."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu! Watu wazima husemaje?"

Bwana Moja alikuna kichwa. "Wewe unadhani filamu zilikuwa zinajiishia zenyewe kwenye thelathini na tano, kila mara, miaka yote? Nimegombana na watu, Fundi. Shangazi za watu wamesimama na vitenge vyao wanasema bado moja, nami naapa imekwisha. Moja ilikuwa yako. Nilikuwa naona haya kusema, basi nikasema namalizia filamu. Na hiyo hapo ilipobaki," akaigusa kamera ya zamani, "niliona nikiimaliza ndiyo basi tena, sitakuwa na sababu nyingine. Nikaificha."

Fundi alitaka kumfokea, maana maneno ya kumfokea yalikuwa tayari, mengine ya tangu harusi yao. Hayakutoka. Alichosema ni, "Jino linang'olewa kesho. Nataka mwanya wangu ubaki pichani."

Mama wa mtoto alisimama upesi, akamwinua mwanawe kitini, akakipangusa kiti kwa kiganja.

Fundi akakaa. Bwana Moja akamzunguka. Alimtoa pini moja iliyosahaulika kwenye kola, akamwinua kidevu kwa ncha ya kidole. Akarudi nyuma ya kamera.

"Cheka."

"Sicheki kwa amri."

Akasubiri. Picha ilikuwa moja, na wote wanne mle ndani walilijua hilo, pengine hata mtoto. Fundi alikaza uso. Kadiri alivyotaka kucheka ndivyo midomo ilivyozidi kubanana. Akaanza kuogopa kwamba hata hii itatoka kama zile nyingine mia kadhaa. Ndipo Bwana Moja akakumbuka kwamba filamu haijavutwa. Dole gumba likanyanyuka kwa ile desturi yake ya kupapasa hewa, na safari hii likakikuta kile kidole cha chuma. Kikalia krrr.

"Aaah!" alisema Bwana Moja, kwa raha ya mtu aliyevua viatu vya kubana.

Fundi akapasuka. Alicheka kwa mdomo wote, mabega yakitikisika, na kamera ikalia kacha.

Halafu Bwana Moja akainamisha kichwa kuangalia picha nyuma ya kamera. Nyuma ya kamera palikuwa na kifuniko cheusi tu. Alikikodolea macho muda mzuri. Mama wa mtoto alicheka mpaka akashika ukuta.

Ijumaa asubuhi jino likang'olewa. Mchana majora ya vitambaa yalitolewa chumba cha giza yakalazwa kitandani, kwa kuwa filamu ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, yake mwenyewe wala si ya mteja, na Bwana Moja akaitafuta dawa ya kusafishia picha, akapata pakiti moja, tarehe yake imepita kitambo. Akaikoroga hivyo hivyo huku akinong'ona kama anaibembeleza. Alipomaliza filamu akaining'iniza kwa vibanio vya nguo, na ilipokauka akamwita mkewe aingie. Wakasimama chini ya taa nyekundu mbele ya sinia la dawa, karatasi nyeupe inaelea. Fundi alikuwa na shavu lililovimba na pamba mdomoni, amekatazwa kusema mpaka kesho yake, jambo ambalo nyumba ile haikuwa na uzoefu nalo.

Mdomo ulitokea kwanza. Kisha meno, na katikati ya meno, umetulia, mwanya. Fundi akashika ukingo wa meza. Kisha pua, paji la uso, na mwisho macho.

Macho yalikuwa yamefumbwa.

"Ah, jamani!" Bwana Moja alijipiga paji. "Umefumba! Ingekuwa ile nyingine ningeona, ningerudia. Ningepiga hata mia! Nisamehe, Fundi. Moja ilikuwepo, na nimeiharibu."

Fundi hakuweza kumjibu. Alitia mkono mfukoni, akatoa chaki ya kukatia nguo, akaandika kwenye mlango, herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika kwenye vitambaa: MOJA INATOSHA.

Bwana Moja aliyasoma maneno hayo mara mbili. Akatoka mbio, akarudi na kamera ya dijitali, akamvuta mkewe hadi mlangoni penye mwanga. Fundi alilionyesha shavu, akaionyesha pamba, akatikisa kichwa, akanyanyua na chaki kwa kutisha.

"Simalizii kitu," alisema mumewe. "Nataka tu kukupiga picha."

Fundi akashusha chaki. Kamera ikalia mara moja, na Bwana Moja hakuinamisha kichwa kuangalia imetokaje. Alikuwa anamwangalia Fundi mwenyewe.

Kesho yake kulikuwa na harusi, na kadi ndani ya kamera ilikuwa ile ile.

Wiki iliyofuata bibi harusi aliingia studio ameshika flashi yake kwa vidole viwili. "Samahani, mzee. Picha ni nzuri sana. Lakini mwanzoni kuna mama mmoja hivi, shavu limevimba, kitu cheupe kinamtoka mdomoni. Yupo kabla ya bwana harusi. Sisi hatumjui."

Nyuma ya pazia cherehani ikanyamaza.

"Nimfute?" bibi harusi aliuliza.

Bwana Moja alifikiri kidogo. "Picha zote ni mia tatu na kumi," akasema. "Mia tatu na tisa ni zako, fanya unavyotaka. Hiyo ya kwanza usiiguse."

Cherehani ikaanza tena, kwa kasi isiyo ya kawaida. Baadaye ilibidi Fundi aufumue mshono wote, maana ulikuwa umekwenda upande.